Viti Vitupu Vinavyopita: Namna ya Kuunganisha Usafiri wa Jamii Vijijini Vermont

Fikiria barabara ya 114 inayoshuka kutoka Island Pond, saa mbili kasoro robo asubuhi. Linapita gari lenye mgonjwa mmoja anayelipiwa na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato cha chini. Dakika kumi baadaye linapita la kituo cha wazee, nalo lina abiria mmoja. Kisha la shirika linalohudumia watu wenye ulemavu, lina dereva na kijana mmoja anayekwenda kazini. Yote matatu yanaelekea St. Johnsbury. Na kando ya barabara hiyohiyo yupo mama asiye na gari ambaye ameahirisha miadi ya daktari wa macho mara ya tatu, kwa kuwa ameambiwa hastahili gari lolote kati ya hayo. Hajafikisha umri, hana ulemavu, na bima yake si ile.

Kuratibu usafiri wa jamii ni kumpa mama huyo kiti kimoja katika vile vinavyompita. Ukinunua gari la nne na kanuni zikabaki zilezile, nalo litampita.

Ninaandika nikiwa na Vermont akilini. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 643,077 katika jimbo zima, na karibu 65% kati yao wanaishi maeneo yanayohesabiwa kuwa ya vijijini, kiwango kikubwa kuliko jimbo lolote la Marekani. Kaunti ya Essex, kaskazini-mashariki kabisa, ina watu 5,920 na haina hospitali. Zaidi ya nusu ya barabara za umma za jimbo hazina lami. Vermont haijalala: kwa miaka mingi kampuni zake za mabasi ndizo zimekuwa zikibeba hata wagonjwa wa Medicaid, jambo ambalo majimbo mengi yameligawa kwa madalali. Lakini kazi bado ni kubwa, na aliyeko Maine, West Virginia au Mississippi, ambako pia zaidi ya nusu ya watu wako vijijini, ataona mengi yanayomhusu. Sheria za serikali kuu ni zilezile.

Hatua ya 1: Hesabu safari, magari baadaye

Kila anayeanza kazi hii hutaka kwanza orodha ya magari: nani ana basi, nani ana gari lenye lifti ya kiti cha magurudumu. Orodha hiyo utaihitaji, ila ukianza nayo mazungumzo yote yatakuwa ya kugombea magari. Anza na safari.

Omba kila shirika rekodi za wiki mbili. Unataka vitu sita tu kwa kila safari: mji wa kuanzia, mji wa kufikia, saa ya kufika, saa ya kurudi, nani alilipa, na kama abiria alihitaji lifti. Usiombe majina. Usiombe ugonjwa. Ukiomba mengi, mkurugenzi atampigia mwanasheria wake, na hapo umepoteza miezi mitatu.

Chukua wiki moja ya Oktoba na moja ya Aprili. Aprili ni msimu wa matope, theluji inapoyeyuka na barabara za udongo kugeuka uji. Gari lililofika mlangoni Oktoba haliwezi kufika Aprili. Ratiba iliyopangwa kwa takwimu za Oktoba peke yake itakuumbua.

Kisha tafuta safari ambazo hazikufanyika. Hizi hazimo kwenye rekodi ya mtu. Anayezijua ni karani wa mapokezi kliniki, anayeona nani hukosa miadi. Anazijua mtu wa ghala la chakula cha msaada, anayesikia nani amekuja kwa miguu na nani ametuma jirani. Anazijua mkutubi wa maktaba ya mji, ambaye katika miji midogo ya Vermont ndiye anayejua kila kitu. Kaa nao nusu saa kila mmoja. Swali moja linatosha: "Nani angekuja leo kama angekuwa na njia ya kuja?"

Weka yote kwenye ramani. Pini za rangi zinatosha kabisa. Unatafuta mafungu: siku ileile, upande uleule, ndani ya saa moja. Ukikuta mafungu mawili au matatu yenye nguvu, una kazi ya mwaka mzima. Usitamani zaidi.

Hatua ya 2: Jua kila dola inatoka wapi na inakatazwa nini

Hapa ndipo watu wengi husinzia, na hapa ndipo mpango hufa au kuishi.

Baraza la serikali kuu linaloshughulikia uratibu wa usafiri, CCAM, lililoundwa kwa amri ya Rais George W. Bush Februari 2004, limeorodhesha programu 130 za serikali kuu zinazoweza kulipia usafiri wa watu wenye mahitaji. Programu 130, kila moja na fomu yake na tafsiri yake ya nani anastahili. Huwezi kuzijua zote na huna haja. Zijue tatu vizuri.

Ya kwanza ni Kifungu 5311, fedha za Shirika la Usafiri wa Umma la serikali kuu, FTA, kwa maeneo yenye watu pungufu ya 50,000. Zinaendesha mabasi ya vijijini ambayo mtu yeyote anaweza kupanda. Serikali kuu hulipa hadi 80% ya ununuzi wa magari na vifaa, na hadi 50% ya upungufu wa gharama za uendeshaji, yaani gharama zinazobaki baada ya kutoa nauli.

Ya pili ni Kifungu 5310, kwa wazee na watu wenye ulemavu. Mgawanyo ni uleule, 80 na 50, ila angalau 55% ya fedha lazima ziende kwenye miradi ya kijadi, kama kununua magari au kununua huduma kwa mkataba. Watu wengi hawajui kwamba abiria mwingine anaruhusiwa kupanda gari lililonunuliwa kwa 5310 pale nafasi ipo, mradi wazee na wenye ulemavu wamehudumiwa kwanza. Ule ubao wa "wateja wetu tu" ni wa shirika lenyewe. Uliza umeandikwa wapi. Mara nyingi haujaandikwa popote.

Ya tatu ni Medicaid. Kila jimbo linawajibika kuhakikisha mwanachama asiye na usafiri anafika kwenye matibabu, wajibu ambao Bunge la Marekani liliuandika wazi katika sheria ya matumizi ya 2021. Medicaid hulipa safari ya mwanachama wake peke yake, kwa njia ya bei nafuu inayomfaa. Haitalipia kiti cha jirani, wala usiijaribu. Haikatazi jirani kukaa kwenye kiti cha pembeni akilipiwa na mwingine.

Sasa siri yenyewe ya hesabu. Fedha za FTA zinahitaji mchango wa ndani, ile 20% au 50% iliyobaki. Nauli haziwezi kuhesabiwa kama mchango huo. Zinapunguza tu upungufu. Lakini malipo ya mkataba wa kusafirisha wateja wa shirika la huduma za jamii, ukiwemo mkataba wa Medicaid, yanaweza kuhesabiwa. Vivyo hivyo fedha za programu za serikali kuu zisizotoka Idara ya Usafirishaji, kama zile za sheria ya wazee. Yaani kampuni ya basi ya kijijini iliyokosa mchango wa ndani inaweza kuupata kwa kubeba abiria wa wengine. Uratibu wenyewe ndio unaozaa mchango. Mweleze hili mkurugenzi anayesema hana pesa za kushirikiana, tena mweleze kwa karatasi na kalamu.

Hatua ya 3: Waite watu mezani, na uchague meza vizuri

Tangu 2005, sheria inataka fedha za 5310 ziendane na mpango wa pamoja uliotungwa na watu wa eneo lenyewe. Mpango huo una sehemu nne: huduma zilizopo, mahitaji, mikakati ya kuziba pengo, na vipaumbele. Mradi usiomo kwenye mpango haupati fedha. Wazee na watu wenye ulemavu lazima wahusishwe kuutunga, pamoja na wasafirishaji wa umma, wa binafsi na wa mashirika yasiyo ya faida.

Nimesoma mipango ya aina hii ambayo sehemu ya mahitaji ingeweza kuwa ya jimbo lolote. Ukibadilisha jina la kaunti hakuna atakayegundua. Hutokea hivyo pale mkutano unapofanyika Montpelier, makao makuu ya jimbo, saa tisa alasiri siku ya kazi, halafu watu wanashangaa kwamba wasio na gari hawakuja. Fanya mkutano mahali wazee wanapokula chakula cha mchana cha pamoja, dakika ishirini kabla ya chakula kupakuliwa. Watakuwapo wote na watakuwa na la kusema.

Mtafute pia mwenye kliniki, mwenye kiwanda au hoteli anayekosa wafanyakazi, na mtu wa shule anayeshughulika na mabasi. Katika miji ya Burlington na Winooski kuna majirani wanaozungumza Kiswahili, Kisomali na Kinepali. Waandalie mkalimani kabla ya mkutano, wala usimtegemee mtoto wa mtu kutafsiri masharti ya usafiri wa wagonjwa.

Kikao cha kwanza kisizidi saa moja na nusu, na kitoke na jambo moja lililoandikwa: fungu gani la safari tunaanza nalo.

Hatua ya 4: Kubalianeni bei ya kiti

Hii ndiyo hatua ninayoiona kuwa roho ya kazi nzima, na ndiyo inayorukwa zaidi. Mashirika hayakatai kushirikiana kwa sababu ya roho mbaya. Hukataa kwa kuhofia kumlipia mwenzake. Hofu hiyo haiondolewi na hotuba. Huondolewa na hesabu ambayo kila mmoja anaweza kuirudia mwenyewe akiwa nyumbani.

Anza na gharama kamili ya mwaka ya msafirishaji, kisha igawe mafungu matatu. Fungu la kwanza hukua kwa saa: mishahara ya madereva na marupurupu yao. La pili hukua kwa maili: mafuta, matairi, matengenezo. La tatu halijali gari likitoka au lisitoke: bima, ofisi, mpangaji wa safari, mhasibu.

Chukua mfano wa kubuni. Msafirishaji anatumia dola 480,000 kwa mwaka. Kati ya hizo 270,000 ni za saa, na magari yake hufanya saa 9,000, hivyo saa moja ni dola 30. Dola 90,000 ni za maili, na magari huenda maili 150,000, hivyo maili moja ni senti 60. Zinabaki dola 120,000 zisizobadilika. Gawa 480,000 kwa 360,000, yaani jumla ya mafungu mawili ya kwanza, upate takriban 1.33. Kila gharama ya saa na maili utaizidisha kwa namba hiyo ili kubeba na sehemu yake ya ofisi na bima.

Safari ya asubuhi, kwenda na kurudi, inachukua saa mbili na nusu na maili 70. Saa zinatoa dola 75, maili zinatoa dola 42, jumla 117. Ongeza theluthi yake, unapata dola 156. Hiyo ndiyo gharama halisi ya gari kutoka.

Ndani kuna abiria watatu. Wa Medicaid amekaa maili 35, wa kituo cha wazee maili 25, na kijana anayekwenda kazini maili 10. Jumla ni maili 70 za abiria. Gawa 156 kwa 70 na umtoze kila mlipaji kwa maili za mtu wake: Medicaid dola 78, kituo cha wazee dola 55.71, shirika la kijana dola 22.29. Medicaid peke yake ingelipa 156 kwa safari hiyohiyo. Kila mmoja amelipia mtu wake tu, na mkaguzi akija kila mmoja ana karatasi ya kumwonyesha.

Mtabishana. Mmoja atasema maili za kurudi mtupu zisihesabiwe. Zihesabiwe, maana dereva hakurudi kwa kutembea. Mwingine atataka gari lenye lifti liwe na bei yake, na hilo lina haki: kumfunga abiria wa kiti cha magurudumu kwa usalama kunachukua dakika, na dakika zina bei. Amueni, andikeni kurasa mbili, wekeni tarehe ya kupitia bei kila mwaka. Jambo moja msiliruhusu: bei ya "kusaidiana" iliyo chini ya gharama. Msafirishaji atavumilia mwaka mmoja, wa pili ataanza kuwaacha abiria wenu barabarani.

Hatua ya 5: Anza na njia moja

Fungu bora la kuanzia mara nyingi ni wagonjwa wa figo wa kusafishwa damu. Ratiba yao haiyumbi: siku tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara, mwaka mzima, hata Krismasi ikiangukia siku yao hupangiwa nyingine ya karibu. Gari lao litakwenda, lazima. Wengine wote mnawapanga kuzunguka safari hiyo. Kituo cha wazee kinahamishia siku ya ununuzi kwenye Jumanne, kliniki ya macho inaweka wagonjwa wa upande ule saa nne ya Alhamisi. Kliniki kubadili saa ni bure kabisa, na mara nyingi hakuna aliyewahi kuiomba.

Angalizo juu ya kurudi. Mgonjwa aliyetoka kwenye mashine anaweza kuwa dhaifu, shinikizo limeshuka, na safari iliyopangwa saa saba ikawa saa nane. Usimchanganye wakati wa kurudi na mtu mwenye zamu ya kazi isiyosubiri. Asubuhi changanyeni, jioni muwe waangalifu.

Ukiamua njia iwe na ratiba iliyo wazi kwa umma, fikiria basi linaloruhusiwa kuacha njia. Linafuata barabara kuu na vituo vyake, ila kwa ombi la siku moja kabla linaingia ndani kumchukua mtu kisha linarudi njiani. Chini ya sheria ya haki za watu wenye ulemavu ya 1990, basi la njia isiyobadilika linadaiwa huduma sambamba ya mlango kwa mlango ndani ya robo tatu ya maili kila upande kwa wasioweza kulitumia. Linaloacha njia kwa ombi la yeyote halidaiwi hivyo. Kijijini, ambako fedha za huduma mbili hazipo, tofauti hiyo ni kubwa. Acha nafasi ya dakika kumi hadi kumi na tano katika kila saa kwa ajili ya kuingia ndani, la sivyo ratiba itakuwa ya uongo wiki ya kwanza.

Hatua ya 6: Namba moja ya simu

Abiria asijue kuna mashirika manne. Apige namba moja, apokelewe na mtu, aulizwe anakwenda wapi na lini. Nani atalipa ni kazi ya mpokea simu kutafuta, na apewe karatasi ya mti wa maswali iliyo mezani: Je, una Medicaid? Unakwenda matibabu? Una miaka 60 au zaidi? Akikosa kote, je, lipo basi la umma lenye kiti?

Nasema simu, na nasema mtu. Programu za kisasa za kuita gari zina mahali pake. Montpelier walianza mwaka 2021 kuendesha basi dogo linaloitwa kwa simu au kwa programu, likachukua nafasi ya baadhi ya njia za zamani. Montpelier ni mji, japo mdogo kuliko makao makuu ya jimbo lolote. Kwenye mabonde ya Essex simu ya mkononi haishiki, na bibi wa miaka themanini na mbili ana simu ya ukutani inayofanya kazi vizuri tu. Nunua programu ya kupanga safari mwaka wa pili, baada ya kujua mnahitaji ifanye nini. Mkinunua kwanza, mtaishi kama programu inavyotaka.

Kinachofaa mapema ni kuweka ratiba zenu katika mfumo wa wazi wa GTFS, ambao ramani za mtandaoni husoma. Tangu 2024 mfumo huo una sehemu rasmi iitwayo GTFS-Flex kwa huduma zinazoitwa kwa ombi. Vermont ilikuwa miongoni mwa waliolijaribu jambo hili mapema.

Juu ya faragha: kinachopita kati ya mashirika ni jina, mahali, saa, na mahitaji ya kupanda gari. Kwenye karatasi ya dereva andika anwani, usiandike "kituo cha figo". Mji una watu mia saba. Karatasi ikidondoka dukani kila mtu anajua.

Hatua ya 7: Madereva wa kujitolea

Safari ya maili 60 ya mtu mmoja anayeishi mwisho wa barabara ya udongo haitapata mwenzake kwenye fungu lolote. Basi dogo kwa safari hiyo ni kuchoma pesa. Vermont imeitegemea kwa muda mrefu jeshi lake la wastaafu wanaoendesha magari yao wenyewe na kurudishiwa gharama ya maili.

Walipe kwa maili kuanzia mlangoni kwao hadi wanaporudi. Mtu anayeendesha maili 20 tupu kumfuata abiria asilipwe nusu ya safari. Wengi hulipa karibu na kiwango cha serikali kwa safari za kikazi, kilichokuwa senti 70 kwa maili mwaka 2025. Lakini kiwango cha kodi kwa kazi ya hisani kimekwama senti 14 tangu 1998, kwa kuwa kimeandikwa ndani ya sheria na Bunge halijakigusa. Malipo yanayozidi hapo yanaweza kuhesabiwa kipato cha dereva. Mwambie mapema, kabla hajashangaa wakati wa kodi. Mzee aliyejitolea kwa moyo akikuta anadaiwa kodi hatarudi, na atawaambia wenzake kahawani.

Bima ni jambo la pili. Sheria ya 1997 inayowalinda watu wa kujitolea haigusi madhara yaliyosababishwa na kuendesha gari. Bima ya dereva ndiyo inayotangulia kulipa. Shirika lenu linunue bima ya juu yake, na kila dereva apate barua ya kampuni yake ya bima inayosema kurudishiwa maili si biashara ya kukodisha. Kagua rekodi ya udereva na ya jinai kabla ya safari ya kwanza. Mfundishe kusema hapana: hamnyanyui abiria, hampi dawa, haingii ndani kukusanya nguo.

Kwa madereva wa kuajiriwa, angalia ukubwa wa gari kabla ya kuagiza. Gari lililotengenezwa kwa watu 16 au zaidi, dereva akiwamo, linahitaji leseni ya udereva wa kibiashara, CDL, yenye idhini ya abiria. Madereva wenye leseni hiyo ni adimu, na wanagombewa na mabasi ya shule na malori ya theluji. Gari la viti pungufu linakufungulia mlango wa waombaji wengi. Watakaoendesha kwa fedha za 5311 watapimwa dawa za kulevya na pombe kwa kanuni za FTA. Wakueleweshe hilo VTrans, idara ya usafirishaji ya jimbo, kabla ya kutangaza nafasi.

Hatua ya 8: Nenda kwenye Mkutano wa Mji

Jumanne ya kwanza ya Machi, miji ya Vermont hukutana kupiga kura juu ya bajeti yake. Hapo ndipo dola 500 au 3,000 za mji kwa ajili ya basi hupitishwa au kukatwa, na hizo ndizo zinazovuta fedha za serikali kuu kiasi kilekile au mara nne yake.

Kuingiza ombi kwenye ajenda, ama bodi ya mji inakubali yenyewe, ama unaleta saini za 5% ya wapiga kura wa mji. Mapema Novemba, muulize karani wa mji tarehe ya mwisho. Inafika katikati ya baridi, na kukusanya saini kwenye theluji ni adhabu. Andika takwimu za mji huo peke yake katika taarifa ya mwaka ya mji: safari ngapi, watu wangapi, kwenda wapi. Takwimu za kaunti nzima hazimgusi mkulima aliyekaa benchi la tatu. Halafu uwepo mwenyewe. Mtu mmoja atasimama aseme anaona basi linapita tupu kila siku. Jibu kwa adabu, na jibu kwa namba: limeondoka na watu wangapi kituo cha kwanza, na anayeliona tupu analiona wapi, maana huenda nyumba yake iko kabla ya kituo cha kwanza.

Hatua ya 9: Pima machache, badilisha bila aibu

Fuatilia mambo manne kila mwezi: abiria kwa saa ya gari, gharama kwa safari, safari zilizokataliwa na sababu yake, na abiria waliopangiwa wasitokee. La tatu ndilo linalofichwa zaidi, kwa kuwa halipendezi kwenye taarifa. Mlazimishe mpokea simu aandike kila "hapana", hata ile iliyosemwa kwa sekunde kumi. Hapo ndipo njia yenu ya pili itakapotoka.

Abiria kwa saa kijijini watakuwa wachache, wawili au watatu, na mjumbe fulani atalinganisha na Burlington. Mpe karatasi ya Hatua ya 4 na umwombe alinganishe na gharama ya kila shirika kupeleka mtu wake peke yake.

Ufikapo Machi, tuma barua kwa kila abiria wa barabara ya udongo, kwa maandishi makubwa: mahali pa kukutania kwenye lami msimu wa matope, nani atamfikisha hapo kama hawezi kutembea, na namba ya kupiga kabla ya saa kumi na moja jioni barabara ikifungwa. Dereva awe na orodha ileile garini, na koleo la theluji liwe bado kwenye buti hadi Mei.